Kitalu Ambako Hatukuwa na Mtu

Ijumaa iliyopita nilirudisha funguo za biro, ofisi yetu ya misafara ya uwindaji, nikatoka hadi barabara kubwa, nikasimama pale yanapopakia mabasi ya Bujumbura bila kuwa na safari yoyote. Konvoyeri mmoja, mwita abiria, akaniuliza, "Mzee, unaenda?" Nikamwambia, "Siendi." Akadhani sijamsikia, akauliza tena. Nikamjibu kwa raha kubwa zaidi, "Siendi!" Ninyi wenzangu mliobaki nyuma yangu bado hamuujui utamu wa neno hilo. Maisha yangu yote ya kazi nimepanga safari za watu wengine: waombe wapi, waende lini, wavukie mpaka upi, wabebe nini, na mambo yakiharibika wamlaumu nani. Swali hilo la mwisho lilikuwa na jibu moja tu kila mwaka: Shabani.

Madamu Goreti, patroni wetu, ameniomba niwaandikie nilichojifunza kabla sijakisahau. Vyeo sitavitaja. Mshahara nao sitautaja, maana wenyewe pia haukuwa unapenda kujionyesha. Nitawaambia jinsi nilivyoingia, nani alinifundisha, na habari ya dosie moja, faili la mteja mmoja, iliyokaribia kunitoa roho, ambayo kwa rehema za Mungu ndiyo iliyonifungia kazi.

Niliingia biro nikiwa na diploma ya masomo ya usiku. Mchana nilikuwa nakamua mawese kule Kizuka, jioni naoga, usiku nasoma. Nawaapia, hakuna mwanafunzi aliyewahi kusoma jiografia akiwa na mafuta mengi mikononi kama mimi. Ramani ya Afrika niliyochora siku ya mtihani ilikuwa inang'aa, mwalimu akaisogeza mbali na taa akiogopa itashika moto. Basi siku ya kwanza nikavaa shati la arusi ya kaka yangu, nikaja na diploma yangu mkononi, nikamkuta Papa Etieni, mpanga misafara niliyekuja kumsaidia.

Papa Etieni alikuwa Mkongomani wa upande wa Fizi, ng'ambo ya ziwa, mlokole, mrefu kama mchikichi, na alikuwa ameketi chini ya ramani kubwa ya ukutani akinywa chai. Hakuiangalia diploma.

"Wewe njo ule mutoto wa masomo ya usiku?"

"Ndiyo, Papa."

"Basi simama hapa. Onyesha fasi ungeomba palahala."

Nikaitazama ramani kama mtu anayetafuta nyumba yao usiku wa mvua. Nikaweka kidole mahali penye rangi ya kijani nyingi kuliko kwingine.

"Juu ya nini hapo?"

"Kuna wanyama wengi, Papa."

"Nani alikuambia?"

"Kila mtu anajua."

"Kama kila mutu anajua, kila mutu anaomba. Toa kidole."

Hilo lilikuwa somo la kwanza, na kusema kweli ningeweza kustaafu siku hiyohiyo, maana mengine yote yalikuwa marudio.

Kwa atakayesoma haya bila kuijua kazi yetu: hapa Rumonge, pwani ya Ziwa Tanganyika, hakuna palahala. Kuna samaki, mukeke na ndagala, kuna mbu wenye ukubwa wa kuku. Anayetaka kuwinda mnyama mkubwa kwa njia ya halali anavuka kwenda Tanzania, kwa kampuni mwenyeji yenye leseni. Kampuni ile ina vitalu vyake, yaani mapori yaliyogawanywa kwa mipaka, na kila kitalu kina idadi ya wanyama inayoruhusiwa kwa msimu. Maombi yanapelekwa kabla ya kiangazi. Yakizidi idadi, yanapigwa kura. Na kila mtu anaomba kitalu kimoja tu kwa mwaka. Ukikosa hapo, unakaa nyumbani unakula samaki hadi mwaka mwingine.

Ndiyo maana namwambia kila kijana anayekuja biro akiuliza habari za bunduki: tulia. Bunduki ni kazi ya kufumba na kufumbua. Uwindaji ni kuchagua pa kuomba, na jambo hilo linafanywa umekaa kwenye kiti.

Papa Etieni alinifundisha kuuliza mambo matatu juu ya kila kitalu. Moto ulipita lini, kwa sababu palahala anafuata majani mapya yanayoota juu ya majivu. Maji yanabaki wapi mito ikikauka, kwa sababu hakai mbali na maji. La tatu, alilolisema huku akicheka peke yake: nani wanaomba pale, na kwa nini.

"Nyama haina shida," alikuwa akisema. "Shida ni batu."

Na watu wa pwani hii tunaomba namna moja. Hatuulizi moto, hatuulizi maji. Tunauliza, "Kule tuko na nani?" Mfanyabiashara wa samaki anayejua kujumlisha mzigo mzima kichwani, mpe ramani ya vitalu, kidole chake kitakwenda moja kwa moja kwenye kijiji alikoolewa dada yake. Kulikuwa na kitalu kimoja si mbali sana na Kasulu, ambako nusu ya Rumonge ina wakwe na nusu nyingine inatafuta. Biro tulikiita Kwa Shemeji. Kila msimu maombi ya Kwa Shemeji yalikuwa mlima. Maombi ya vitalu vingine yangetosha kwenye bahasha moja, na bahasha ingelia kwa upweke.

Sasa nije kwa Haji Issa.

Haji Issa ni mtu wa mawese wa Kizuka, mwenye cheko linalofika mlangoni kabla yake. Ujanani aliendesha lori la chumvi kupeleka bara, na asubuhi moja kwenye pori la Tanzania alimkuta palahala dume amesimama kando ya barabara. Hakuwahi kupona. Kwa ambaye hajamwona, palahala dume ni kama farasi aliyevaa koti jeusi la arusi, tumbo jeupe, uso wenye mistari myeupe, na pembe mbili zilizopinda kurudi nyuma hadi zinakaribia kumkuna mgongo. Majike na vijana ni kahawia, nao wana pembe vilevile. Anayeruhusiwa kupigwa ni dume mzima tu, yule mweusi. Ukikosea rangi umekosea kila kitu, na aliyekupokea anaingia matatani pamoja nawe.

Mara ya kwanza Haji aliomba Kwa Shemeji, licha ya maneno ya Papa Etieni, kwa sababu mkewe, Bi Mwajuma, anatoka kule. Kura ikamwangukia. Mimi nikatumwa kumsindikiza. Tukapita Nyanza-Lac, tukapanda Mabanda, tukavuka mpaka, na pale ng'ambo tukamkuta Hamimu, kaka yake Bi Mwajuma, amesimama katikati ya barabara amefungua mikono kama kizuizi cha polisi.

Leseni inahesabu siku. Wakwe hawahesabu. Siku ya kwanza tulisalimiwa. Iliyofuata tulisalimiwa na wale waliokuwa hawajasikia kwamba tumefika. Halafu ikawa dua ya marehemu mkwe, halafu arusi ya binamu, ambayo nina hakika ilisogezwa mbele kwa ajili yetu. Kila asubuhi Haji alivaa buti, na kila asubuhi Hamimu alitokea na sinia la chapati.

"Shemeji, unaenda wapi na buti hizo?"

"Porini, shemeji."

"Porini kuna nini? Kaa. Shangazi yuko njiani."

Shangazi alikuwa njiani siku zote tulizokuwa kule. Siku ya mwisho tukaingia porini jua likiwa utosini, tukaona nyayo, tukazipongeza, tukarudi. Tulipofika Rumonge Madamu Goreti akalizunguka gari lote.

"Haji, pembe ziko wapi?"

"Madamu, nimepewa kuku. Kuku hawana pembe."

Papa Etieni alicheka hadi akaweka chai chini, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mwaka uliofuata alistaafu akavuka ziwa kurudi kwao, nikabaki mimi na kiti, na ramani, na Haji Issa ambaye hakujifunza kitu. Aliomba tena Kwa Shemeji, kura ikamkataa. Akaomba tena, ikamkataa tena. "Lakini kule tuko na mtu," aliniambia, kana kwamba shemeji ndiye anayezaa palahala.

Kisha asubuhi moja akaja biro na cheko lake halikutangulia. Akaketi. Akainuka, akaisogelea ramani hadi pua ikaigusa.

"Shabani, mto huu unaishia wapi?"

Mto ulikuwa mnene kama kidole gumba. Nikamwonyesha. Akageuza kichwa upande, akautazama kwa jicho la kushoto.

"Nimetoka Bujumbura kwa daktari wa macho," akasema. "La kulia limekwisha katikati. Ni kama mtu amebandika kidole kwenye kioo. La kushoto bado zuri, lakini linafuata njia ileile. Kuna dawa, inachelewesha, haizuii."

"Pole sana, Haji."

"Nikamuuliza nifanye nini. Unajua alinijibu nini? Ameniambia niyatumie macho yangu sasa." Akaketi tena. "Mwaka huu, Shabani. Mwaka mwingine utaniombea, utanipatia, na nitakwenda kusikia palahala akipita."

Alipoondoka sikuweza kunywa chai. Ninyi mnanijua, mimi si mtu wa kuacha chai. Ombi moja, kitalu kimoja, jicho moja. Kwa Shemeji kura ilikuwa imemkataa mara mbili, na hata ikimkubali, chapati zilikuwa zinamngoja. Nikakaa na maswali ya Papa Etieni kama mwanafunzi wa usiku anayekaribia mtihani.

Kulikuwa na kitalu upande wa Kibondo, mbali, tulichokiita Topeni. Hakuna aliyewahi kukiomba kutoka kwetu. Barabara yake ilikuwa na sifa mbaya, na mbung'o wa kule, nilivyosikia, wanauma kupitia blanketi, kiti na dereva. Nikampigia simu Maganga, mtafuta nyayo wa kampuni mwenyeji, niliyemfahamu kwa miaka kwa sauti tu.

"Bwana Maganga, moto umepita lini huko?"

"Upande wa mashariki umepita mapema, bwana. Majani yameshaota, yako hivi." Nadhani alikuwa ananionyesha kwa mkono.

"Na maji?"

"Kuna madimbwi hayakauki. Ila tope lake, bwana, usije na viatu vya sherehe."

"Nani wameomba?"

"Huku? Nani aje huku?"

Nikaweka simu chini, nikaona njia. Kilichobaki ni Haji mwenyewe, na nawaambieni, palahala ni mnyama mwepesi ukimlinganisha na mtu wa Kizuka anayeambiwa aende mahali asipojulikana. Nilimwita biro, nikamweleza moto, maji na kura. Alinisikiliza vizuri sana, halafu akauliza:

"Kule tuko na nani?"

"Hatuko na mtu, Haji."

"Hatuko na mtu." Alirudia kama nimemwambia kule hakuna hewa. "Na nikiugua?"

"Kuna gari la kambi."

"Na nikifa?"

"Haji, ukifa utakuwa huna tena haraka."

Akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu habari ya daktari. Halafu akaja na lililokuwa rohoni hasa. "Hamimu akisikia niliingia Tanzania, nikawinda, nikatoka, sikulala kwake? Ataniambia nimeoa kwao bure."

"Hatutapita kwake. Tutapita juu: Bujumbura, Gitega, Ruyigi, tutokee Gisuru, tuvukie Mabamba. Ukivuka hapo uko Kibondo."

Akaiangalia ile njia kwenye ramani, nikimfuatishia kwa kalamu. Ilikuwa inaizunguka Burundi karibu yote.

"Unataka nizunguke nchi nzima kumkwepa shemeji yangu?"

"Nataka ufike porini siku zako zikiwa nzima."

Akanichukulia kalamu, akanirudishia. "Andika," akasema. "Lakini mke wangu asijue."

Siri Rumonge inadumu kama barafu sokoni. Kabla ya sala ya alasiri Bi Mwajuma alikuwa mlangoni kwangu.

"Baba Zuhura, nasikia unamficha mume wangu asionekane na kaka yangu."

Nikaanza kueleza moto na maji. Akaniinulia mkono.

"Usinichoshe. Mimi ndiye ninayemshika mkono usiku akienda nje, unadhani sijui? Mpeleke huko kusiko na watu. Mimi nitanyamaza. Ila akishampata mnyama wake, Hamimu asikie habari hiyo kutoka kwake mwenyewe, siku hiyohiyo. Asije akaisikia sokoni."

"Nitamwambia Haji, Bibi."

"Humwambii wewe. Nimeshamwambia mimi."

Tulipokuwa tunangoja jibu la maombi tukaanza mazoezi, kwa sababu Haji alikuwa amezoea kulenga kwa bega la kulia na jicho la kulia, na sasa vyote vihame. Bunduki hatukuwa nayo, tungeikodi kulekule, kwa hiyo nikamwazimia kafi kwa mvuvi mmoja. Kila asubuhi tulikwenda kwenye shamba la Haji la michikichi, anaweka kafi begani kushoto, shavu juu ya mpini, analenga mikungu ya chikichi. Wanawake waliokuwa wakichemsha mawese pale wakaacha kazi.

"Haji, usituue na kafi!"

"Upige ule wa juu, mpandaji ameshindwa!"

"Huyu amevua samaki wakaisha, sasa anavua michikichi!"

Mimi nilikuwa nyuma yake kama koplo. "Haji, vuta pumzi. Funga jicho la kulia."

"Hilo Mungu ameshalifunga, Shabani. Endelea na mengine."

Wanawake wakarudi kwenye vyungu vyao. Toka asubuhi ile hawakutania tena. Mmoja akawa anatuonyesha kwa kidole mkungu wa mbali zaidi, Haji aujaribu.

Jibu lilipokuja, Madamu Goreti alilisoma kwa sauti akiwa amesimama: Topeni, nafasi moja ya palahala, amekubaliwa. Kumbe hata kura haikupigwa, waombaji walikuwa wachache kuliko wanyama. Nilifurahi hadi ziwa likapanda, na kama hamniamini waulizeni walioanika ndagala siku ile.

Safari ile siielezi, mgongo wangu bado unaieleza. Tukafika kambini tukapokewa na Maganga, ambaye kumbe ni mfupi, na kiongozi wa uwindaji, mtu wa maneno machache mwenye leseni ya kuamua nani apige na nani asipige. Wakampa Haji bunduki ajaribu. Komeo la bunduki, la kuingizia risasi nyingine, liko upande wa kulia, kwa hiyo anayelenga kwa bega la kushoto akishapiga risasi ya kwanza lazima aishushe, ahangaike, aipandishe tena. Palahala hangoji hayo. Maana yake ni kwamba risasi ni moja.

Kiongozi aliliona jicho la Haji siku ileile, hakuwa mtu wa kudanganywa. Akamwita pembeni, na mimi nikasogea nisikie.

"Mzee, mimi nitathibitisha," alisema, "lakini rangi utaitaja wewe kwanza. Asiyeiona rangi kwa jicho lake hapigi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," akasema Haji. Usiku hakula vizuri. Mimi nilikula sehemu yangu na yake, kwa huzuni.

Siku za kwanza tukaona majike. Mbung'o walitutafuna sawasawa na sifa zao. Kila tulipowakuta wanyama Maganga alichuchumaa, kiongozi akampa Haji darubini, na Haji akageuza kichwa kidogo kama kuku anayesikiliza, jicho la kushoto mbele.

"Kahawia," anasema.

"Kahawia," kiongozi anathibitisha. Tunasonga.

Kisha asubuhi moja Maganga akasimama ghafla, nikamkanyaga kisigino. Mbele yetu, chini ya mti mkubwa wenye kivuli kizito, palikuwa na mnyama peke yake. Pembe nilizipigia hesabu hapo hapo, zingetosha kuegemezea pikipiki. Lakini kivulini kila kitu ni cheusi, hata ng'ombe mweupe. Haji akapiga goti, akaweka bunduki juu ya fimbo tatu za kuegemea ambazo Maganga alizisimamisha, shavu kushoto. Tukangoja atamke.

Hakutamka. Niliona mgongo wake unapanda na kushuka. Nikamwomba Mungu, kimoyomoyo, amwambie tu "mweusi", maana mimi kwa macho yangu mawili nilimwona ni mweusi.

Haji akaondoa shavu kwenye bunduki. "Sioni," akasema taratibu. "Naona mnyama. Rangi siioni."

Kiongozi akatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyesogea. Nikawaza siku zilizobaki kwenye leseni, nikawaza njia ya kurudi kupitia nchi nzima, nikawaza nitakavyoingia Kizuka. Nawaapia, mvi zangu zote mlizonizoea zilitoka pale, kabla ya hapo nilikuwa na nywele nyeusi tii.

Mnyama akainua kichwa, akatoka kivulini. Alitembea polepole kama mwenye shamba, akaingia penye majivu na majani mapya, jua likampiga ubavuni.

"Mweusi," akasema Haji. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma maandishi ukutani. "Tumbo jeupe. Uso una mistari. Naiona mistari."

"Ndiye," akasema kiongozi.

"Bismillahi, Allahu Akbar."

Mlio ulinipata nikiwa nimeshachomoa kisu, kwa sababu kwenye misafara ya Waislamu mimi ndiye mchinjaji, kazi ambayo hakuna cheti chake. Palahala alikimbia kidogo, akaanguka. Nikachomoka. Maganga akanidaka shati.

"Ngoja, bwana! Palahala aliyelala anapigana kwa magoti. Atakutoboa hapa, tutakupeleka kwenu ukivuja."

Tukangoja. Alipohakikisha, nikaenda nikamaliza kwa jina la Mungu. Halafu nikakaa palepale kwenye majivu na suruali yangu safi. Haji alikuja akatembea kumzunguka mnyama yule, akiinama, akigeuza kichwa, akiangalia pembe pete kwa pete, nywele za shingo, kwato, kope. Hakuna aliyemharakisha. Nyama tuliigawa, sehemu kubwa ikaenda kijijini kama ilivyo desturi ya kitalu.

Kisha akaniomba simu. Akapanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao, sisi tukabaki chini.

"Hamimu? Mimi Issa. Niko Tanzania... Hapana, sijafukuzwa... Niko porini, upande wa Kibondo. Nimempata... Shemeji, nisikilize kwanza... Shemeji..." Akaiondoa simu sikioni. Matusi yale tuliyasikia hata tuliokuwa chini, na Maganga akavua kofia kwa heshima.

Haji akashuka. "Anakuja."

"Yeye na nani?"

"Wote."

Walifika kesho yake asubuhi kwa pikapu ya kuazima, imejaa hadi magurudumu yamefumba macho, na mbuzi juu. Hamimu akateremka wa kwanza. Hakufungua mikono.

"Umepita juu," akasema. "Umenizunguka kama shimo la barabarani."

"Nimekuzunguka, shemeji."

"Nimekukosea nini? Nilikunyima chakula?"

"Ungeninyima ningekuja kwako."

Mtu mmoja ndani ya pikapu akacheka, akakatazwa. Haji akamsogelea shemeji yake, akamweleza habari ya daktari, jicho la kulia na la kushoto, bila kuongeza wala kupunguza, jambo ambalo mimi nisingeweza. Hamimu alisikiliza huku hasira zikimtoka usoni moja moja, hadi akabaki hana mahali pa kuweka mikono yake.

"Kwa nini hukusema, Issa?"

"Ungesema nisiende."

"Kweli ningesema," akakiri Hamimu. Akageukia pikapu. "Teremkeni! Mbuzi naye."

Leseni ilikuwa bado ina siku. Kiongozi akaniuliza kama mzee wangu angependa kwenda kutafuta mnyama mwingine mdogo, bado ipo nafasi. Nilienda kumuuliza. Nikamkuta Haji amewapanga wakwe zake mbele ya hema, penye jua, akipita mmoja mmoja, karibu kabisa, kichwa kimegeuka, jicho la kushoto mbele. Alikuwa ameanza na shangazi, aliyekuwa amefika hatimaye.

"Mwanangu, unanitafuta nini usoni?"

"Nakuangalia, shangazi."

"Mikunjo yote hii?"

"Yote. Usicheke, inasogea."

Akamfikia Hamimu, akakaa kwake muda mrefu kuliko kwa wengine. Sikuuliza tena habari ya mnyama mdogo. Nilirudi kwa kiongozi nikamwambia mzee hana nafasi, na nyuma yangu nikamsikia Hamimu analalamika:

"Shemeji, maliza basi, jua linanichoma."

"Tulia. Palahala mwenyewe alitulia kuliko wewe."